Sauti Yangu Kwenye Gari la Kampeni

Nyumba ya kona, nyuma ya soko.
Jumapili mchana.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Baba Mdogo na wale pacha, na kwamba kile kikohozi kimekuacha upumue. Sisi huku hatujambo. Mama naye ni mzima, ila goti linamkumbusha umri kila akiinuka kwenye kigoda chake cha kuuzia mabeseni.

Nimemaliza shule, na nimepata kazi ya muda ambayo hutaamini, kwa jinsi unavyonijua. Mimi niliyekuwa najificha nyuma ya mlango wageni wakija, sasa nazungumza na mji mzima. Natangaza kwenye gari la kampeni. Silipandi, sauti yangu tu ndiyo inayozunguka. Tunarekodi kwenye chumba kilicho juu ya duka la kinyozi. Kuta zimebandikwa trei za mayai na magodoro ya zamani, na mlango ukifungwa dunia inanyamaza, kana kwamba umezamisha kichwa ndani ya maji. Humo simwogopi mtu.

Alasiri nikijilaza, naisikia sauti yangu ikija kutoka mbali juu ya mabati, ikipotea, ikiibukia mtaa mwingine. Wakati mwingine nasahau kuwa ni mimi. Naona kama kuna msichana mwingine, jasiri kuliko mimi, anatembea mjini na sauti yangu.

Tunayemtangaza anagombea udiwani. Ni mtu mpole, ananiita "binti yangu". Akienda kwa walimu anafunga tai. Akienda kwa wapagazi anaivua na kukunja mikono ya shati, tena mle mle garini. Maneno nayo yana nguo zake. Kwa watu wa soko nilisoma kwamba soko litabaki pale pale, hakuna kibanda kitakachoguswa. Kwa wenye malori nilisoma kwamba barabara itapanuliwa, malori mawili yapishane bila shida. Nilisoma siku tofauti, sikuyaunganisha. Lakini wewe unaijua barabara ile: upande mmoja mto, upande wa pili soko. Hakuna pengine pa kuipanulia.

Mama ndiye aliyeunganisha. Alikwenda kwenye maegesho ya malori kupokea mzigo wake, akanisikia huko. Aliporudi hakufoka. Alitua mabeseni chini, akasema, "Mwanangu, wenzangu sokoni waliniuliza kama yule bwana ni wa kuaminika. Nikawajibu, kwani hamsikii ni mwanangu anayesema? Sasa niwaambie lipi?"

Nilikwenda kumuuliza mgombea mwenyewe, kule chumba cha kurekodia. Nilipanda ngazi nikirudiarudia swali langu. Nikamwamkia, nikamuuliza kama soko litabaki au litaondoka.

"Binti yangu," akasema, "wote hao ni wapiga kura wangu. Nimkasirishe nani?"

"Mama yangu anauza pale."

"Basi mwambie Mama asiwe na wasiwasi."

"Na wenye malori?"

"Nao pia wasiwe na wasiwasi."

Fundi wa sauti, aliyekuwa akitafuna karanga pembeni, akasema, "Labda tuitundike barabara hewani, Mzee."

Mgombea hakucheka. Alinisogezea karatasi mpya ya kusoma, safari hii ya wastaafu. Nilimrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, nikasema sitaweza. Nadhani ni mara ya kwanza kumkatalia mtu mzima. Sauti ilitoka ndogo sana, lakini chumba kile hakina kelele, wote waliisikia.

Mama amewaeleza wenzake. Wanataka mgombea akae nao pamoja na wenye malori, aseme mara moja mbele ya wote. Hajawajibu.

Jana gari lilipita tena. Wamepata msichana mwingine, ana sauti tamu kuliko yangu, inaelea kama usingizi. Soko litabaki pale pale, anasema. Mama aliacha kufuta mabeseni, akasikiliza mpaka gari likakata kona. Kisha akaniuliza polepole, "Na huyu, mama yake anauza wapi?"

Nisalimie Baba Mdogo, pacha wote wawili bila kumpendelea mmoja, na yule jirani yako fundi cherehani. Mungu awafunike kwa amani, usingizi wenu uwe mnono.

Mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye hata nikinyamaza,

Sisimizi wako.