Pikipiki ya Baba Haiuzwi

Klaten, Jumatano

Kwako Mas Giyanto, kaka yangu,

Mama ametamka leo asubuhi, mbele ya Marno mnunuzi wa vyuma chakavu, kwamba pikipiki ya Baba haiuzwi. Mama mwenyewe ndiye aliyemwita, na Marno alikuwa ameshaleta mkokoteni.

Huku mvua imekoma na mpunga unaanikwa kando ya barabara. Huko kwako Taiwan bado kuna baridi?

Unajua kwamba tangu lori limuue Baba darajani akiwa juu ya pikipiki hiyo, Mama hakutaka kuiona, wala kulitaja jina la mumewe. Nimekuwa nikiifufua nyuma ya jiko: nimenyoosha uma wa mbele, nimebadilisha pistoni, nimesugua kutu. Mama alipita na kuni zake kama haoni. Alikuwa halali, na chakula alikigusa tu. Hilo sikukuandikia.

Leo niliiwasha ili Marno asiseme anabeba mzoga. Ikawaka, ikakohoa. Mama akatoka na mwiko mkononi.

"We Ratri, unaizamisha kwa petroli! Geuza hiyo skrubu ya kabureta. Wiryono wangu hakuiacha ikohoe hivi hata siku moja!"

"Kwa hiyo tufanye bei gani, Mama Giyanto?" Marno akauliza.

"Bei ya nini, ya mkokoteni wako? Urudishe kwenu!"

Kisha akalia, na baada ya kulia akala, akaomba aongezewe.

Ijumaa anapika ule uji wetu wa desturi, mwekundu na mweupe, wa kuibariki pikipiki. Jumapili saa moja asubuhi nampeleka kaburini kwa Baba, yeye akiwa amekaa nyuma yangu.

Mdogo wako,
Ratri