Ubavu wa Kushoto

Jumatatu, 8 Septemba
Asubuhi nimerekebisha makosa matatu ya filamu ninayoihariri. Kikombe cha chai kinachojijaza chenyewe. Kivuli cha kipaza sauti ukutani. Mbuzi aliyeuzwa soko la Griftu onyesho la tano, onyesho la saba yumo zizini anatafuna, hana habari. Umeme ukakatika saa sita. Nikafurahi. Linalofuata ni onyesho la ishirini, Abo, baba yangu, anapokufa. Sijalifungua tangu tumzike. Tangu wamzike. Mimi sikuwapo.

Jumanne, 9 Septemba
Nimelifungua.

Tulilipiga hapa hapa nyumbani Waberi, mwezi wa tano. Mwigizaji wetu alikataa kulala kama maiti, akasema ni kujitakia kifo. Abo akajitolea kwa sababu mimi ni binti yake. Wiki tatu baadaye akafa kweli, ghafla, na mimi niko Mandera napiga video ya harusi. Kwetu maiti hasubirishwi. Nilipofika udongo wa kaburi ulishakauka. Kwa hiyo maiti ya baba yangu niliyoiona ni hii tu, ya uongo.

Na imelazwa vibaya. Ubavu wa kushoto! Hata mtoto wa madrasa anajua maiti hulazwa ubavu wa kulia, uso kibla. Mimi ndiye niliyemlaza hivyo, mwanga wa dirisha umpate usoni.

Alhamisi, 11 Septemba
Leo nimesikiliza sauti za kabla ya onyesho, zile tunazokata na kutupa. Abo yumo. Alisema kwa Kiswahili ili mpiga picha wetu wa kutoka Kitui naye asikie.

"Abo, hii si ubande ya maiti. Geusa mimi."

Aliniita Abo kama mimi nilivyomwita. Ndivyo baba zetu wanavyowaita watoto wao. Na mimi namjibu, "Nyamaza, Abo. Maiti hasemi."

Nimesikiliza mara tisa. Sauti yangu ina kicheko ndani yake. Najichukia.

Ijumaa, 12 Septemba
Guled, mwongozaji, amepiga simu. Anaogopa tutachekwa ukumbini. Kanishauri niipindue picha, kushoto iwe kulia, kama kwenye kioo. Kazi ya dakika moja.

Abo akalala ubavu wa kulia. Safi kabisa. Ila kovu lake, pale ngamia alipomng'ata utotoni, limehamia shavu la kushoto. Nikamwita Hooyo aone. Ameinama mbele ya kompyuta, ametazama sana. Kisha akauliza, "Huyu mzee ni nani?"

Mama yangu, aliyeishi naye miaka yote ile. Nikafunga kompyuta.

Jumapili, 14 Septemba
Nikijinyoosha kidogo baada ya adhuhuri namsikia. Geusa mimi. Naamka shingo imelowa jasho, feni inazunguka, hakuna mtu.

Nimerudisha picha ya asili. Ndipo nikaona kosa lingine. Shuka kifuani inapanda, inashuka. Mara tatu. Maiti anapumua, na mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake, sikuona.

Jumatatu, 15 Septemba
Guled ameziona pumzi. Kata, anasema. Nikakataa. Na kushoto je? akauliza. Nako kubaki, nikamwambia. Ameniuliza kama nimerukwa na akili, kisha akasema ataliondoa jina langu kwenye filamu. Aondoe. Nilimnyamazisha mzee wangu mara moja, inatosha.

Jumatano, 17 Septemba
Nimempa Guled filamu. Hakuniaga. Nimefua mapazia.

Jumamosi, 20 Septemba
Ukumbi ulijaa. Jina langu lilikuwepo, herufi ndogo kama sisimizi. Abo alipolazwa kwenye mkeka mtu wa mbele akapaza sauti, "Anabumua huyo!" Watu wakacheka. Hooyo alicheka kuliko wote, halafu akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Mlangoni mzee mmoja nisiyemjua alinisimamisha, kwa upole tu. "Binti, maiti yako amelala fibaya. Hakuna mtu alikuambia?"

Nikamwambia aliniambia maiti mwenyewe.