Daraja la Kwenye Kaseti

Jumatano, nimerudi kutoka wodini

Nimekosea, na kosa lenyewe nimeshamwambia daktari kama ukweli.

Mchana nilimpelekea kaka Masanja simu yenye lile gemu letu la utotoni, nione kama kichwa kimetulia tangu apate kiharusi. Akaitazama, akakunja uso.

“Daraja liko wapi, mdogo wangu? Hapa mtoni pana daraja.”

Hapakuwa na daraja, magogo tu yanaelea. Nikatoka nikamwambia daktari kumbukumbu za kaka zimevurugika.

Jioni hii roho haikunipa. Nimeitoa mashine yetu ya zamani ya gemu uvunguni, nikapuliza vumbi kwenye kaseti kama kaka alivyonifundisha, nikaunganisha na runinga. Rangi hafifu, muziki wa kukwamakwama, na pale mtoni, daraja! Simu ina toleo la mashine kubwa za kumbi za michezo ya video. Kamashine ketu hakakuweza kuendesha magogo yote yale, watengenezaji wakaweka daraja.

Mimi ndiye niliyesahau. Kesho asubuhi daktari ataniona wa kwanza.

Ila kaka aliniuliza pia kama baba amesharudi na asali kutoka Sikonge. Baba tulimzika pamoja, mimi na yeye. Na hilo nitalihakiki kwenye mashine gani?