Kigari cha Odette

Orlando, Jumatano

Mama mkwe wangu mpendwa,

Tu wazima, ila pua ya mwanao Garrett imeungua jua.

Jana uliniambia kwenye simu: "Mtoto wa darasa la pili kwenye kigari! Unalea mtu au malkia, wewe?" Leo najibu.

Mwaka jana mjukuu wako Odette alizunguka bustani ya michezo kwa miguu, kama ulivyotaka. Kufikia saa sita magoti yalikuwa yamevimba, akalia hotelini watoto wengine wakitazama gwaride la wahusika wa katuni. Daktari alisema ni baridi yabisi. Wewe ukasema ni uvivu.

Leo nimemsukuma kutwa. Gwaride lilipofika alishuka mwenyewe, akacheza.

Watu walitukodolea macho, nami nikawakodolea. Kesho tunakikodi tena. Ukija mwakani, Mama, utakisukuma wewe.

Mkazamwanao,
Maribeth