Maneno Sita Kwenye Pindo la Blanketi

6 Mei

Baba Tonge,

Mwanao sasa hivi kakaa chini ya cherehani yangu anatafuna pindo la blanketi lake, nikimnyang'anya anacheka mpaka anapaliwa. Sisi hatujambo. Natumaini wewe na huyo mwenzangu niliyekuwa nikishona naye meza moja pia mna afya, maana siku mlipoondoka hamkuaga.

Barua yako nimeipata, ya kwanza kwa miezi minane. Unasema simu imeingia maji, na pochi ya sarafu za mtandaoni haifunguki bila yale maneno kumi na mawili. Sita unayo wewe, sita uliniachia mimi. Ukasema nisiyapige picha wala nisiyaandike popote, niyashike kichwani, "kama kichwa chenyewe kinashika kitu." Kinashika sindano. Kila neno lina namba yake kwenye ile orodha ya maneno elfu mbili na ushee ya pochi hizi, nami namba nilizishona pindoni, tarakimu kwa tarakimu: nukta tatu za uzi, kisha moja, kisha tano, hivyo hivyo mpaka zikaisha.

Shida ni moja. Mtoto kaung'ata uzi, neno la mwisho limefumuka. Fundi simu wa hapa chini anasema tukiwa na kumi na moja, kompyuta inalitafuta lililobaki. Niandikie maneno yako sita kwa mpangilio.

Mama Tonge

19 Mei

Mke wangu kipenzi,

U hali gani, na kijana wangu je? Sasa umeanza kutumia akili. Maneno yangu nimeyapanga nyuma ya karatasi hii, la kwanza mpaka la sita. Fanya haraka, huku sielewani na mtu. Pesa ikitoka narudi nyumbani.

Mumeo

2 Juni

Baba Tonge,

Salamu zimefika. Sisi wazima kuliko ulivyotuacha.

Uzi haukukatika. Nashona vizuri, ulisahau tu. Pochi imefunguka, na humo nimekuta jasho langu la miaka mitatu, lile ulilosema unatutunzia. Nimelihamishia pochi mpya yenye maneno mapya. Nimeyagonga kwa msumari kwenye vipande viwili vya bati, kimoja ninacho, kingine kiko kwa mama mdogo, na kila kipande kina yote kumi na mawili, si nusu nusu. Kwenye ile ya zamani nimekuachia kitu kidogo, nauli ya kukufikisha katikati ya njia.

Usinione nina roho mbaya. Mtoto ataanza shule, nami naweka cherehani nyingine pale alipokuwa akikaa huyo wako. Na hilo la kurudi nyumbani nimelifikiria sana jana nikipiga pasi, nikaona jibu lake ni hivi, ngoja, mteja wa sare ananiita mlangoni, basi kwa kifupi tu, wewe baki huko huko.

Mama Tonge