Tuta Halina Ufa

Kitanga, Kasulu, 2014

Mjukuu wangu Neema,

Huku tu wazima, ila magoti yangu yamechoka. Bibi yako anavuna maharage. Unauliza kwa nini bwawa letu dogo la kuzuia mafuriko limepewa daraja la hatari kubwa, wakati tuta halina hata ufa.

Ujanani nilibeba udongo wa tuta hilo. Mpimaji aliniuliza, "Likipasuka, huko chini kuna nani?" Nikamjibu, "Nyasi tu, bwana." Akaandika hatari ndogo.

Mafuriko yalipokoma, bonde likatuvutia. Wa kwanza kujenga penye zile nyasi nilikuwa mimi. Tuta ni lile lile.

Kuhama sina nguvu tena, mama. Ila ukija Krismasi, mvua zikiwa zimekolea, utalala kwa shangazi yako kule mlimani.

Babu yako