Maziwa ya Jioni Hayakuwa na Mahali

Mpendwa Baba Naserian,

Naandika mtoto akiwa mgongoni, maana nikimshusha tu analia. Nimechoka, lakini hili nataka ulisikie kwangu.

Unakumbuka tulivyoanza kutengeneza mfumo wa kompyuta wa kituo cha maziwa cha Olmotonyi? Chumba chetu cha Kimandolu, laptop moja, chai ya tangawizi. Nilitaka tuchore kwanza: nani analeta maziwa, nani anapata meseji ya lita na malipo, kipi kinashikilia kipi. Ukacheka.

"Wewe nawe, kwani tunajenga ghorofa? Andika, tutapanga mbele ya safari."

Nami nikaandika. Nyumba moja, jina moja, simu moja: ya baba. Kila kitu tukakining'iniza kwenye jina hilo. Na wote wawili tumekulia huku Olmotonyi! Tulijua maziwa ya asubuhi ni ya baba, ya jioni ni ya mama. Tulijua, na bado hatukuwaachia akina mama nafasi.

Sasa kituo kimeanza kupokea ya jioni. Mama Lomnyaki, jirani yetu wa zamani, alitua ndoo mbele yangu.

"Binti, ng'ombe nakamua mimi, meseji inaenda kwa mzee?"

"Basi kesho mpe yeye ndoo akamue!" wenzake wakamtania. Mimi sikuweza kucheka.

Nikajaribu kuongeza jina la pili. Meseji za asubuhi zikakatika. Nikarekebisha meseji, orodha ya wanachama ikaharibika. Ule mchoro uliouita kuchelewesha kazi, kumbe ndio ulikuwa kazi yenyewe.

Juzi ulinipigia kutoka Dar: "Weka kiraka tu, usibomoe." Hapana. Nimewaambia watu wa kituo warudi kwenye daftari kwa muda. Mwenyekiti wao kanuna, anune. Naanza upya, kwenye karatasi.

Sina hasira nawe. Nakumbuka ulivyokuwa ukinifunika shuka nikisinzia mezani, ukaendelea kuandika peke yako. Tangu utuache hakuna wa kunifunika, na sawa, nimezoea. Ila viraka vyako usinitumie tena.

Jana nilimpelekea Mama Lomnyaki mchoro mpya. Mistari hakuijali.

"Mimi niko wapi hapa?"

Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu ya jina lake, akakiacha hapohapo, maziwa yakimsubiri.

Kaa salama huko uliko.

Mimi, mama wa mwanao